Nalugwa, Mwenye Macho Miguuni

Wekeni chini mlivyoshika, enyi Waluvo. Aliyebeba mtungi autue, na aliyekuja na ugomvi wa mpaka wa shamba auache hapo nje mpaka tumalize, kwa kuwa jina linalotajwa alasiri hii halisikilizwi na mtu aliyesimama. Tunamtaja Nalugwa binti Sekiteke, Sekiteke wa Mlugu, Mlugu wa Kidee aliyekimbia njaa. Tunamtaja Mama wa Kamba, Asiyedanganywa na Jua, Mwenye Macho Miguuni, ambaye kama si yeye sisi sote tungezaliwa, tungezeeka na tungezikwa bila kuitwa na mtu kwa majina yetu.

Katika zama za Kidee, babu wa baba yake, mvua iliinyima nchi hii maji kwa miaka minne, mito yake mitatu ikageuka njia za mchanga, na ng'ombe wakalala chini wasiamke. Kidee akawachukua wake zake, wanawe na ndugu zake, akaizunguka dunia kwa njia ndefu ya milimani, mwezi baada ya mwezi, hadi akafika Ulangwe, nchi ya chumvi. Mtemi wa Ulangwe wa siku hizo alikuwa mtu mwema. Aliwapa mtama, akawapa mahali pa kujenga, akawaambia wakae hadi mvua itakaporudi kwao. Nao kwa shukrani wakawa wanawasaidia wenyeji kuchemsha chumvi, kama mgeni anavyoshika jembe siku ya tatu bila kuambiwa.

Mtemi yule akafa. Mwanawe akaisahau habari ya Kidee, na mjukuu wake hakuisahau, kwani hakupata kuambiwa. Yule mgeni aliyesaidia akawa mtu anayetazamiwa kusaidia, kisha akawa mtu anayeulizwa kwa nini leo hajasaidia, kisha akawa mtu anayefuatwa nyumbani kwa fimbo. Hakuna siku hata moja ambayo wazee wetu wangeweza kuinyooshea kidole wakasema, ni leo tulipofanywa watumwa. Waliamka tu asubuhi moja wakakuta lango la njia ya milimani lina walinzi, na walinzi wale wametazama ndani.

Chumvi ya Ulangwe haikuokotwa juu ya ardhi. Ilikaa chini, katika mashimo membamba ambayo bega la mtu mzima halipenyi, na ndiyo sababu walitakiwa watoto. Kila nyumba ya uzao wa Kidee, ndio sisi Waluvo, ilitoa mtoto wake wa kwanza. Alipotimiza miaka saba mnyapara alimfunga kamba kiunoni, akamshusha na kibuyu mkononi, naye akakaa huko akichota maji makali ya chumvi tangu jua linapochomoza hadi linapoinama, huku wazazi wake wakiyachemsha juu katika vyungu vipana mpaka yabaki mabonge meupe. Mvuke wa mashimo yale ulikula macho. Mtoto aliyeshushwa akiwa na miaka saba, alipofikisha ishirini aliiona dunia kama maziwa yaliyomwagika, na baada ya hapo hata maziwa hayo hakuyaona tena. Hawakuitwa kwa majina. Waliitwa kwa mashimo yao, na watu wa Ulangwe walipowaona wakipapasa kuta za nyumba zao walisema kwamba hilo ni kabila lililoumbwa hivyo.

Nalugwa alikuwa mtoto wa kwanza wa Sekiteke. Aliyemshusha mara ya kwanza alikuwa mnyapara Ngumbo, kijana wa Ulangwe aliyekuwa na mikono mikubwa na sauti ya upole, na upole huo ulimtisha kuliko kelele, kwani alimwambia, "Usilie, Shimo la Saba, kamba yangu haijawahi kukatika," kana kwamba jambo la kuogopwa lilikuwa kukatika kwa kamba. Huko chini Nalugwa alijifunza mambo ambayo watu wa juu hawakuyajua. Alijifunza kwamba ukuta wa shimo ukigongwa kwa kisigino hujibu, na kwamba jibu la ardhi ngumu si jibu la ardhi yenye maji nyuma yake. Kadiri macho yake yalivyofifia ndivyo nyayo zake zilivyofunguka, hata akawa akikanyaga mahali anajua kuna nini pima tatu chini yake, kama mtu ajuavyo uso wa mama yake.

Mwili wake ulipokua mkubwa kuliko shimo, Ngumbo hakumpeleka kwenye vyungu pamoja na vipofu wenzake. Alimfunga kamba ileile akawa anatembea naye ukingoni mwa Uwanda Mweupe, ili amwonyeshe mahali pa kuchimba mashimo mapya.

Na Uwanda Mweupe, kwa wale ambao hawajaufikia, ulianza pale nchi ya Ulangwe ilipoishia upande wa machweo, ukaenda asikokujua mtu. Hapo kale lilikuwa ziwa. Maji yakaondoka yakaacha gamba la chumvi juu ya tope lisilo na mwisho, gamba nene mahali hapa kama ukuta, jembamba mahali pale kama ganda la yai, na kwa macho vyote viwili ni sawasawa. Jua likipanda, mazigazi husimama juu yake: mito, miji, misitu yenye kivuli, watu wanaotembea kichwa chini. Waliowahi kuingia kuifuata mito hiyo hawakurudi kuieleza.

Siku moja, jua likiwa utosini, Ngumbo alilala kwenye kivuli cha mzigo wake akamwacha Nalugwa asimame juu ya gamba mwisho wa kamba. Upepo ukakoma. Dunia ikanyamaza kama chungu kilichofunikwa. Kisha ikaja harufu ambayo hakuwahi kuinusa maishani mwake na ambayo hata hivyo aliijua, harufu ya udongo mwekundu uliolowa na majani yaliyokatwa, ikitoka machweo, ng'ambo ya uwanda. Na sauti ikamwita, si kwa kupita masikioni, bali ikipanda kutoka chini kupitia nyayo hadi magotini, jina ambalo marehemu mama yake peke yake ndiye aliyekuwa akilinong'ona.

"Nalugwa binti Sekiteke."

"Abee," akaitika.

"Hawa ni wangu. Watoe."

Akasema, "Mimi sioni."

"Sikukutaka uone," ikasema sauti ya Mulungu. Harufu ile ikatulia juu ya uso wake kama kitambaa chenye maji, kisha upepo ukarudi, na Ngumbo akaamka akivuta kamba.

Alikaa na neno hilo miezi miwili bila kumwambia mtu. Alipika, alilala, aliamka, na kila alipokanyaga ardhi aliogopa isije ikamwita tena. Pengine angekaa nalo mpaka kaburini, maana hakujiona kuwa mtu wa kutoa watu mahali. Ila Mtemi Ndalawa, mjukuu wa yule aliyesahau, alitaka chumvi mara mbili ya ile ya mwaka uliotangulia, na asubuhi moja mpiga ngoma wake akapita kati ya vyungu akitangaza kwamba tangu mwezi utakaoandama watashushwa watoto wote wa uzao wa Kidee, wa kwanza na wa mwisho, na watashushwa wakiwa na miaka mitano.

Nalugwa alikuwa amesimama karibu na mdogo wake Semkiwa, mtoto wa pili, mwenye macho mazima, baba wa watoto wanne. Alimsikia Semkiwa akipumua kama mtu aliyepigwa tumboni. Akasikia kijiko cha mkewe, Namkunda, kikianguka ndani ya chungu. Ndipo akaifuta mikono yake kwa nguo yake ya gome, akauliza njia ya kwenda kwa Mtemi.

Mtemi Ndalawa alimkaribisha kwa kuwa alitaka kucheka. Aliketi kwenye kigoda cha chumvi iliyochongwa, na wazee wake wa baraza wakiwa pande zote mbili.

"Semeni na Shimo la Saba," akasema. "Limetoka ardhini kuja kutuona."

"Shikamoo, Mtemi," akasema Nalugwa. "Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kuwapeleka watu wangu kwenye nchi ya Kidee."

"Lango la milimani lina walinzi mia."

"Sikuomba lango la milimani. Naomba tupite uwandani."

Baraza zima likacheka. Mtemi naye akacheka hadi akashika mbavu, na kicheko kilipokwisha akawa amelewa nacho, akasimama akatoa tamko mbele ya watu wote: "Upande ule sijawahi kuujengea lango, kwani sijaona mwizi wa kupitia huko. Yeyote atakaye kumfuata kipofu kwenda kufa kwa kiu, mimi Ndalawa simzuii. Na aende kesho."

"Twende na nini, Mtemi? Watu hawaendi safari mikono mitupu."

"Nendeni na kila kitakachokuwa mikononi mwenu jua likichomoza! Hakuna atakayewanyang'anya."

"Wazee wa baraza wamesikia," akasema Nalugwa. Akainama, akatoka.

Jua lilipochomoza kesho yake kila mtu wa uzao wa Kidee aliyeamua kwenda alisimama mahali pake pa kazi, kwenye chungu chake au mdomo wa shimo lake, na mkononi ameshika kamba, vibuyu vilivyojaa maji matamu, na mkeka uliofungiwa chakula. Hivyo ndivyo walivyozitoa Ulangwe kamba zote za mashimo, na wanyapara wakabaki wametazamana, kwani tamko la Mtemi lilikuwa tamko.

Lakini msidhani kwamba walikwenda wote, wala kwamba waliokwenda walikwenda kwa furaha. Jioni ya kuamkia siku hiyo palikuwa na maneno makali kwenye vyungu.

"Dada," alisema Semkiwa, "nakuheshimu, umenilea. Lakini unataka niwatoe wanangu mahali wanapokula niwapeleke mahali pasipo na hata jani. Maji ya vibuyu ni ya siku tatu. Uwanda ni wa siku ngapi?"

"Sijui."

"Hujui! Na umewaambia watu wafunge virago!"

"Najua gamba liko wapi na tope liko wapi. Najua kuna udongo uliolowa upande wa pili, nimeunusa. Siku ngapi, sijui, ndugu yangu. Siwezi kukudanganya."

Aliyejibu ni Namkunda, ambaye watu walimjua kwa ukimya. "Mume wangu, huyu wa mwisho ana miaka mitano," akasema, akainama akaanza kuzifunga kamba mbili pamoja, fundo juu ya fundo. Kisha Semkiwa naye akakaa chini akashika ncha ya kamba ya tatu. Watu mia tatu na ushei walifunga kamba jioni ile. Wengine, karibu idadi hiyohiyo, walirudi ndani ya vibanda vyao wakafunga milango, na Nalugwa alisikia kila mlango.

Asubuhi kamba za nyumba zote zilipounganishwa zikawa moja, ndefu kuliko sauti ya mtu. Nalugwa akashika mwanzo wake, Semkiwa akashika mwisho, na wengine wote katikati. Ukingoni mwa uwanda akatoa amri yake ya kwanza: kila mwenye macho ayafunge kwa kitambaa. "Jua la huko linasema uongo," akawaambia, "na ninyi mmezoea kuliamini. Shikeni kamba, fuateni mguu wa aliye mbele yenu." Wakafunga, wenye macho na wasio na macho wakawa sawa, wakaingia.

Walitembea mchana, kwani usiku baridi hulikaza gamba likanyamaza, ila mchana joto huliamsha likasema. Na wale waliovuka walisimulia kwamba mwendo ule ulikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa. Nyuma ya vitambaa palikuwa na mwanga wa rangi ya asali. Hapakuwa na mbele wala nyuma, palikuwa na kamba tu. Chumvi ililia chini ya nyayo kama wadudu elfu moja, na mbele kabisa, kila baada ya hatua tatu, walisikia kisigino cha Nalugwa kikigonga: ngumu, ngumu, ngumu, kisha kimya cha kusubiri, kisha kamba nzima inapinda taratibu kushoto kama nyoka anayekwepa jiwe. Watoto walilala wakitembea. Vikongwe walizungumza na watu waliokufa zamani na wakajibiwa. Mwanamke mmoja aliapa kwamba mkono uliokuwa umeshika kamba mbele yake ulikuwa wa Kidee mwenyewe.

Siku ya pili, mtu mmoja aitwaye Mlekwa, mpasua kuni, mwenye miguu mizuri na moyo usiotulia, alichungulia chini ya kitambaa chake. "Mto!" akapiga kelele. "Mto, jamani, hapa karibu, na nyumba, na mtu anateka maji! Kipofu anatupitisha mbali na mto!" Akaiacha kamba akakimbia. Walisikia miguu yake ikienda mbio, wakasikia akicheka kwa furaha, akiita watu waje. Kisha pakasikika mlio kama wa kibuyu kinachovunjwa, na baada ya hapo hapakusikika kitu. Nalugwa alisimama kwa muda mrefu akisubiri. Akamwita jina lake kamili mara tatu, kisha akaendelea, na safari hiyo hapakuwa na mwingine aliyegusa kitambaa.

Siku ya tatu maji yakaisha, na uchungu ukapanda ukawatoka kwa maneno. "Ulangwe tulikula mboga yenye chumvi," wakasema. "Ulangwe tulikuwa na kivuli. Umetutoa tufe huku ambako hata kaburi halichimbiki." Semkiwa, mwisho wa kamba, hakusema, ila hakuwanyamazisha. Nalugwa alisikia yote. Moyoni alijiona mdogo kama siku ile aliposhushwa mara ya kwanza, na alitamani mtu amwambie usilie. Akapiga magoti, akaweka shavu lake juu ya chumvi inayounguza, akalia hapo bila sauti. Na shavu lake likiwa pale likasikia kitu: chini, si mbali, kokoto zikisuguana, jinsi zinavyosuguana zenye maji kati yake.

"Chimbeni hapa," akasema.

Wakachimba kwa vipande vya vibuyu, mkono mmoja, mikono miwili, hadi chini ya chumvi wakakuta mgongo wa changarawe, mabaki ya kisiwa cha ziwa la kale, na ndani ya changarawe maji ya mvua za miaka iliyopita, machache, yenye ladha ya vumbi na ya mizizi. Wakanywa kwa zamu, wadogo kwanza, yaliyobaki wakayatia vibuyuni. Semkiwa alikuja toka mwisho wa kamba akipapasa, akamkuta dada yake amekaa pembeni, akamletea kibuyu kwa mikono yake miwili. "Dada, nisamehe," akasema. Nalugwa alimshika kichwa kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mtoto.

Huko Ulangwe vyungu vilikuwa vimepoa. Mtemi Ndalawa aliamka asubuhi ya pili asione moshi, akauliza moshi uko wapi, akaambiwa, "Ulikwenda uwandani kwa tamko lako." Waliobaki walikuwa wanalia, mashimo hayakuwa na kamba, na mwenyewe hakuweza kumlaumu mtu. Ndipo kicheko chake kikageuka hasira. Akakusanya askari mia mbili, na ng'ombe wa kubeba maji, na machela yake, akaingia uwandani kufuata alama za nyayo.

Siku ya tano Nalugwa aliwasikia kupitia chini, kwato na miguu mingi, kama mvua ya mbali inayokuja juu ya paa. Mbele yake wakati huo palikuwa na gamba jembamba pande zote. Alikuwa amelitafutia njia ya kulizunguka tangu asubuhi na hakuipata. Sasa hapakuwa na muda wa kuzunguka.

Akasimamisha kamba. "Tueni kila kitu," akaamuru. "Chakula, mikeka, hata vibuyu. Mtu na mwenzake waachane pima tano. Mkubwa na mtoto wasikanyage mahali pamoja. Msikanyage kwa kisigino, buruteni nyayo kama mnaopita karibu na mgonjwa aliyelala. Msikimbie, hata mkisikia nini nyuma yenu, msikimbie."

Kisha akaingia juu ya ganda lile la yai, na kamba ikamfuata.

Jinsi walivyovuka, wenyewe hawakuweza kueleza. Walisema gamba lilipanda na kushuka chini yao kama kifua cha mnyama aliyelala, na kwamba walipita juu ya usingizi wake. Walisema tope lilinong'ona. Nyuma yao makelele ya askari yalikaribia, wakasikia wakitajwa kwa majina ya mashimo yao, Shimo la Kumi, Shimo la Ishirini, simameni! Na Namkunda, mwanawe akiwa mbele yake pima tano, asiweze kumshika mkono, alikuwa akimwambia tu polepole, "Niko hapa, mama, buruta mguu. Niko hapa, buruta mguu." Hawakukimbia. Kamba nzima, mmoja baada ya mwingine, ikapanda kwenye ardhi ngumu.

Askari wa Mtemi walikuwa na macho yao. Waliwaona Waluvo mara mbili, safu moja ikitembea juu ya chumvi na nyingine ikitembea kichwa chini ndani ya ziwa la bluu, na wengine wakaikimbilia hii na wengine ile, wote kwa pamoja, na ng'ombe wao, na mizigo yao. Gamba likapasuka kwa mlio mmoja mrefu uliotoka upande huu wa dunia hadi ule. Wengine waliwahi kugeuka wakajitupa nyuma. Wengi hawakuwahi. Sauti ya mwisho ya Mtemi Ndalawa iliyosikika ilikuwa ikiwaamuru wabeba machela wampeleke kwenye ule mji, ule pale, wenye miti. Nao, kwa kuwa walizoea kutii, wakampeleka.

Mtu mmoja miongoni mwa Waluvo akaanza kupiga vigelegele. "Nyamaza," akasema Nalugwa. "Kuna watu wanakufa."

Na katika ukimya huo wakasikia mtu akiita, karibu, ukingoni mwa gamba lililovunjika, tope limemfika kwapani. Nalugwa aliijua sauti hiyo kabla haijamaliza neno.

"Ni Ngumbo," akasema Semkiwa, ambaye naye aliitambua. "Mwache. Huyu ndiye aliyekushusha."

"Nitupieni ncha ya kamba."

"Dada, huyu alikula macho yako!"

"Najua alichokula," akasema Nalugwa. "Kamba hii imeshusha watoto wetu miaka hamsini. Haijampandisha mtu tangu isokotwe, ila jioni, na ili kumshusha kesho yake. Leo ianze kazi nyingine." Akamrushia Ngumbo yeye mwenyewe, kwa kuifuata sauti yake, na Ngumbo akaishika. Akavuta peke yake. Kwa muda hapakuwa na mtu aliyemsaidia, na waliokuwepo walisema walisikia mifupa ya mabega yake ikilia. Kisha Namkunda akashika kamba nyuma yake. Kisha Semkiwa, akitukana. Ngumbo akatoka kwenye tope akalala mbele ya miguu ya yule aliyemwita Shimo la Saba, na Nalugwa akamwambia, "Jina langu ni Nalugwa binti Sekiteke. Litaje." Akalitaja. Uzao wake uko nasi, ndio wale wa ukoo wa Wavutwa, na hakuna anayewacheka.

Siku ya saba kisigino cha Nalugwa kiligonga kikakosa jibu, kwa sababu kilikuwa kimekanyaga nyasi. Akainama akazigusa. Akasema kwa sauti ndogo, "Fungueni," na watu wakafungua vitambaa, wakaiona nchi hii, mito yake mitatu imejaa, na mvua ikija kutoka milimani. Hawakujua la kufanya na macho yao. Wakaketi chini wakawa wanamweleza Nalugwa wanachokiona, wote kwa pamoja, wakiingiliana maneno, kijani, jamani, kijani cha namna nyingi, na yeye akiwa ameketi katikati yao, mvua ya kwanza ikimwangukia usoni, akisema, "Ehe. Na kingine? Ehe. Na kingine?"

Aliwakalisha hapa. Aliwagawia mito, akawakataza mambo mawili tu: wasimwite mtu kwa kazi yake, na wasimfungie njia mgeni anayetaka kuondoka. Alitawala bila kigoda. Alikuwa mgumu, alikasirika haraka, hakupenda kusifiwa, na wakati wa mavuno alilala mchana kutwa mashambani kwa kuwa alipenda kusikia mtama ukisugua majani.

Lakini milango ile iliyofungwa Ulangwe haikumtoka masikioni. Mwaka wa tatu akarudi uwandani, akaleta watu sitini. Mwaka wa tano akaleta themanini. Watu walimsihi akae. Semkiwa alimwambia, "Umeshafanya, dada, inatosha," naye akajibu kwamba yeye hakumbuki kuambiwa ifike wapi ndipo itoshe.

Safari ya tatu alikuwa amezeeka, na nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Hilo alimwambia Namkunda peke yake. "Kwenda nitakwenda," alisema, "lakini kurudi, gamba naweza nisilisikie vizuri. Chukua kinu chako ukakiweke ukingoni. Kila siku utwange. Usitie kitu ndani, kinu kitupu kinasikika mbali zaidi. Mimi nitakuja na sauti yake." Akaondoka asubuhi, amefunga kibwebwe, na watu walimtazama hadi mazigazi yakamchukua, yakamwonyesha mrefu kama mti, kisha mfupi, kisha akawa wawili, kisha akawa mwanga.

Namkunda alitwanga siku ishirini na sita. Mikono ilipomchubuka wakampokea wengine kwa zamu. Siku ya ishirini na saba, jua likielekea alasiri, wakatokea watu arobaini na mmoja juu ya chumvi, wamefunga vitambaa, wameshikana mikono, wa kwanza wao mwanamke mjamzito. Nalugwa hakuwa pamoja nao.

Wakasema: "Alitufikisha mahali ambapo kinu kilianza kusikika. Akasimama. Akasema, mnasikia? Tukasema, tunasikia. Akasema, basi ifuateni hiyo msiiache, mpaka mkanyage nyasi. Tukamwuliza, na wewe, mama? Akasema kuna mtu mwingine nyuma, mmoja, anatembea vibaya. Akageuka. Sisi hatukumsikia mtu yeyote."

Semkiwa alitaka kuingia kumtafuta, akazuiwa na wanawe. Watu walimngoja msimu mzima. Hakuna kaburi lake katika nchi hii, na msimwamini mtu anayewaonyesha.

Lakini kinu hakikunyamaza. Namkunda aliendelea kutwanga hadi kufa kwake, akamwachia binti yake mchi, na binti yake akamwachia wake, na ndiyo sababu hadi leo, kila alasiri ya kiangazi, mwanamke mmoja wa Waluvo huacha kazi zake akaenda ukingoni mwa Uwanda Mweupe, akatwanga kinu kisicho na kitu mpaka jua lizame. Vinu vitatu vimekwisha kuchakaa. Wageni wakipita huuliza anatwanga nini, naye huwaambia wakae kidogo na wasifanye kelele. Na si kila mwaka, wala si kila miaka kumi, ila hutokea, mtu mmoja asiyejulikana anatoka kwenye ule weupe, midomo imepasuka, mikono ameinyoosha mbele. Na mwanamke yule hauachi mchi wake kwenda kumlaki, bali hutwanga kwa nguvu zaidi, mpaka mtu yule akanyage nyasi.